Jinsi ya kumpata daktari wako wa kwanza na kuchagua kliniki ya madaktari wengi bila kupotea humo ndani: mwongozo kamili

Ngoja nianze na mfuko wa dawa wa mama yangu. Mama ana presha, miaka mingi tu, na alikuwa anahudhuria kwa bingwa wa moyo ambaye kila akimpima anakuta iko juu, 160, 170, anaongeza dozi, mara ya pili anaongeza dawa nyingine kabisa. Goti nalo likaanza kumsumbua, akapelekwa kwa daktari wa mifupa, akapewa diklofenaki. Maumivu yakizidi usiku anamtuma mtu duka la dawa anachukua ibuprofeni. Ikaenda hivo karibu mwaka mzima, mpaka siku nimempeleka kwa daktari wa familia kwa sababu ya kikohozi tu, kikohozi! Yule dokta akamuuliza mama unatumia dawa gani, mama akasema "zile za presha na za mguu", dokta akasema hapana, niletee mfuko wote. Kesho yake tukaja na mfuko, akaumwaga mezani, akawa anasogeza vidonge kimoja kimoja kwa ncha ya kalamu kama mtu anachambua mchele. Akatenga viwili pembeni. Akasema hivi viwili vinafanya kazi moja, na vyote vinapandisha presha na vinaumiza figo na tumbo.

Akavitoa, akampa parasetamo na dawa ya kupaka kwenye goti, baada ya wiki kadhaa presha ikashuka mpaka ikabidi zile za presha zenyewe zipunguzwe. Wale mabingwa wawili kila mmoja alikuwa anatazama kipande chake, moyo huku, goti kule, hakuna aliyekuwa anamtazama mama mzima. Tangu siku hiyo watu wananiuliza nilimpataje huyo dokta na unachaguaje kliniki, kwahiyo leo naandika yote mara moja, jinsi ya kumpata daktari wa kwanza, yaani yule unayemwendea kwanza kwa tatizo lolote, someni polepole ni ndefu.

Hatua ya 1: Jua nani ni nani

Watu wengi wakisikia "daktari bingwa" wanadhani ndo wa juu na huyu wa kawaida ni wa chini, kama ngazi. Sio hivyo kabisa. Daktari wa familia naye ni bingwa, amesomea miaka ya ziada baada ya udaktari, sema ubingwa wake ni upana. Marekani walimtambua rasmi kama bingwa mwaka 1969, Uingereza chuo chao cha madaktari wa aina hii kimeanzishwa 1952. Anamwona mtoto mchanga, mama mjamzito mara nyingi, baba mwenye sukari, bibi mwenye usahaulifu. Kama kwenu mko wengi nyumbani na umri tofauti tofauti huyu ndo wenu, na kuna faida watu hawaifikirii: akijua baba na babu walianguka kiharusi mapema, presha ya kijana wa miaka 30 haichukulii kirahisi.

Daktari wa magonjwa ya ndani, hapa pana mkanganyiko mkubwa jamani. "Ndani" maana yake sio tumbo. Ni daktari wa watu wazima tu, na kazi yake ni magonjwa ya viungo vya ndani vyote, moyo, mapafu, figo, ini, damu, sukari, hasa yakiwa yamechanganyika kwa mtu mmoja. Mtu mwenye sukari na presha na figo zimeanza kuchoka huyu anamfaa sana. Lakini uliza kwanza: wengine wanafanya kazi ya daktari wa kwanza, yaani unaenda kwao kwa lolote, wengine wamebobea zaidi kwenye kiungo kimoja na hao hawatashughulika na mafua yako.

Daktari wa watoto anaanzia siku ya kuzaliwa mpaka utu uzima unapogonga mlango, sehemu nyingi ni 18 hivi. Kwake chanjo na ukuaji ni kazi ya kila siku, na dozi ya mtoto inapigwa kwa kilo zake, sio kwa kukata kidonge cha mtu mzima katikati. Tatizo linakuja kijana akifika ukubwani, hasa mwenye pumu au sikoseli au sukari ya utotoni, anaachana na daktari wa watoto halafu hana mwingine, anapotea miaka miwili mitatu anarudi akiwa amebebwa. Anza kumtafutia wa watu wazima mapema, akiwa na 16 hivi, na faili lihame pamoja naye.

Daktari wa wanawake na uzazi, wapo dada wengi ambao huyu ndo daktari pekee wanaemwona maisha yao yote. Mimi sina shida, ila mwambie waziwazi "dokta wewe ndo daktari wangu wa pekee" ili ajue inabidi akupime na presha na sukari, asidhani kuna mtu mwingine anafanya hiyo kazi. Halafu kuna daktari wa wazee, ni wachache, ukimpata kwa mzazi wa miaka 75 anayemeza dawa nane na ameanza kuanguka anguka, usimwachie. Na usidharau manesi waliosomea zaidi na matabibu wanaofanya kazi chini ya daktari, kwa kufuatilia sukari na presha baadhi yao wana subira kuliko dokta mwenyewe.

Kama unajiuliza kwa nini usiende tu hospitali kubwa moja kwa moja, kuna hesabu moja ya zamani naipenda, ya mwaka 1961, Kerr White na wenzake waliangalia takwimu za Marekani na Uingereza: katika watu wazima 1,000 kwa mwezi mmoja, kama 750 watapata tatizo la afya, 250 wataenda kwa daktari, 9 watalazwa, na mmoja tu, mmoja!, atapelekwa hospitali kubwa ya chuo. Kwahiyo mahitaji yako mengi yako huku chini, na huku ndo watu hawapachagui kwa makini.

Hatua ya 2: Andika mko wangapi na mnaumwa nini

Fupi hii. Chukua karatasi, andika kila mtu wa nyumbani, umri, ugonjwa wa kudumu, dawa, na nani hawezi kutembea mbali. Ukimaliza utaona mwenyewe kama mnahitaji daktari mmoja wa wote au wawili. Kliniki nzuri iliyo mbali kiasi kwamba mzee anachoka njiani hatarudi mara ya pili, usijidanganye.

Hatua ya 3: Elewa kliniki za madaktari wengi zinavofanya kazi

Zamani daktari alikuwa peke yake, na meza yake, na nesi wake. Akiugua mmefungiwa. Sasa hivi wengi wanaungana, na wazo lenyewe si jipya, ile Mayo Clinic ya Rochester, Minnesota, ilikua hivohivo mwishoni mwa karne ya 19, mzee Mayo na wanawe wawili, wakaanza kukaribisha madaktari wengine mmoja mmoja, na kitu kikubwa walichofanya ni faili moja kwa mgonjwa mmoja, badala ya kila daktari kuwa na daftari lake.

Kuna aina mbili. Ya kwanza ni madaktari wa aina moja, mfano madaktari wa familia watano au wa watoto wanne, wanapokezana zamu. Ya pili ni mchanganyiko, humo kuna wa familia, wa ndani, wa wanawake, wa mifupa, maabara na picha za eksirei chini ya paa moja. Mchanganyiko unavutia, hutembei sana, majibu ya damu yanatokea kwenye kompyuta ya dokta kabla hujafunga vifungo vya shati. Na madaktari wanaulizana kwenye korido, hiyo haionekani kwenye bango lolote ila inasaidia kuliko mashine.

Faili la pamoja niliona faida yake kwa macho. Dokta wa mama alikuwa likizo, goti likawaka moto, akaonwa na kijana mwingine palepale kliniki. Yule kijana ameshashika kalamu aandike, akatazama skrini, kwa juu kabisa kwa herufi nyekundu: ASIPEWE DIKLOFENAKI. Akaacha. Hawajawahi kuonana na mama hata siku moja.

Sasa upande wa pili. Kliniki ya madaktari wengi inaweza kukugeuza kuwa mgonjwa wa kila mtu, yaani wa hakuna mtu. Leo unaonwa na huyu, mwezi ujao na yule, kila mara unaanza hadithi upya, na kila mmoja anaongeza kidonge kimoja na hakuna anayetoa. Hiki ndo kitu ninachokisisitiza kuliko vyote kwenye huu mwongozo: ingia kwenye kundi lakini uwe na jina moja, daktari wako, hao wengine ni wa akiba. Na sio mapenzi yangu tu. Mwaka 2018 kulitoka mapitio ya tafiti 22 kuhusu wagonjwa wanaobaki na daktari yuleyule, 18 kati yake zilionyesha vifo vinapungua. Halafu watafiti wa Norwei wakaangalia watu waliokaa na daktari mmoja wa familia zaidi ya miaka 15, wakilinganisha na waliokaa naye mwaka mmoja: kulazwa na kukimbilia huduma za usiku kulikuwa chini kwa karibu asilimia 30, na vifo asilimia 25 hivi. Hakuna kidonge kipya hapo, ni kujuana tu.

Uliza pia kliniki ni ya nani. Nyingine ni za madaktari wenyewe, nyingine za hospitali, nyingine za kampuni. Yote inawezekana kuwa nzuri, ila mwenye mali ana namna yake ya kuvuta, ikiwa ni ya hospitali utakuta rufaa zote zinaelekea hospitali hiyohiyo, ikiwa maabara ni yao utashangaa vipimo vinavoongezeka. Ukijua utauliza maswali sahihi, basi.

Hatua ya 4: Piga simu mapokezi kabla hujaenda

Mapokezi ndo kliniki yenyewe, nakwambia. Piga siku ya kawaida asubuhi, uhesabu simu imelia muda gani. Usiulize "mna madaktari wazuri", watasema ndio, unategemea waseme nini. Uliza hivi: nikiandikishwa kwa daktari fulani, nikiumwa leo nitamwona yeye baada ya siku ngapi? Asipokuwepo nani anashika wagonjwa wake, ni mmoja anayejulikana au yeyote aliye zamu? Mgonjwa mmoja anapewa dakika ngapi? Majibu ya vipimo yakitoka nani ananipigia, na yakiwa mazuri mnapiga pia au mnakaa kimya?

Hilo la mwisho ni la muhimu mno. Kliniki inayosema "tusipokupigia ujue uko sawa" ni hatari, karatasi ikipotea wewe unakaa nyumbani unafurahi kumbe una jambo. Mimi mwenyewe nilikaa miezi mitatu nikidhani kipimo changu cha tezi kiko salama, kumbe sampuli iliharibika na hakuna aliyeniambia.

Uliza pia usiku na wikiendi inakuwaje, kama bima yako wanaipokea (uliza kwa daktari huyo kwa jina, maana kwenye kliniki moja daktari huyu anaweza kuwa kwenye orodha ya bima na yule asiwepo), na dawa za kudumu zikiisha unaongezewa kwa utaratibu gani. Mpokeaji akikujibu kwa uvumilivu hiyo ni dalili nzuri. Akikukatia simu, umeshajua na hujalipa chochote.

Hatua ya 5: Hakikisha leseni

Nchi nyingi zina baraza la madaktari lenye orodha ya waliosajiliwa, nyingi ziko mtandaoni, ingiza jina uone kama usajili uko hai na ubingwa anaoutangaza ndo ulioandikwa. Dakika tano. Zile nyota za mtandaoni soma kwa tahadhari, watu wanalalamikia maegesho wanampa daktari nyota moja.

Hatua ya 6: Jiandae kwa siku ya kwanza

Mfuko. Dawa zote, pamoja na za duka, za mitishamba, vitamini, matone ya macho, ile uliyopewa na shemeji. Usilete orodha ya kukumbuka kichwani, leta zenyewe na maboksi yake.

Kisha historia ya ukoo, nani aliumwa nini *na akiwa na umri gani*. Baba aliyepata mshtuko wa moyo akiwa na 82 na baba aliyeupata na 45 ni habari mbili tofauti kabisa kwa daktari. Andika pia operesheni, mizio, chanjo, na dawa iliyowahi kukudhuru, pamoja na ilikufanya nini, maana "inanikataa" haisemi kitu, lakini "nilivimba midomo" inasema.

Halafu chagua mambo mawili au matatu uliyokuja nayo, andika kwa mpangilio wa uzito, na kubwa kuliko yote uliseme la kwanza. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 1984 ulikuta madaktari wanamkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18 kwa wastani. Sekunde kumi na nane! Kwahiyo ukianza na mafua ukasema kifua kinabana ukiwa umeshika kitasa cha mlango, umechelewa. Kila mtu anafanya hivyo, aibu tu, tunatanguliza dogo.

Hatua ya 7: Ndani ya chumba, mpime na wewe

Angalia anavyopima presha yako, ni mtihani mdogo unaosema mengi. Inatakiwa uwe umekaa umetulia dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono uko usawa wa moyo, mkanda haujafungwa juu ya sweta, na hujanywa kahawa au kuvuta sigara nusu saa kabla. Ukipimwa umetoka kukimbilia ngazi, unaongea na simu, ikatoka 150, kliniki nzuri itarudia. Kliniki ya haraka itakuandikia dawa za maisha. Kwa kawaida kikomo kinachotumika sehemu nyingi ni 140 kwa 90, na si kwa kipimo cha siku moja tu.

Angalia pia ukija na mafua yasiyo na dalili mbaya, anakupa antibayotiki kwa sababu umeomba, au anakaa anakueleza kwamba virusi haviuawi na amoksilini. Huyo anayekueleza na kukuudhi kidogo ndo wa kubaki naye. Na akisema "hili silijui vizuri, ngoja nimuulize mwenzangu", usimshushe, hapo ndo kliniki ya madaktari wengi inalipa.

Kabla hujanyanyuka rudia kwa maneno yako: "kwahiyo hii asubuhi, hii usiku, narudi wiki mbili, na nikiona hivi nije mara moja". Ukikosea atakurekebisha palepale.

Hatua ya 8: Rufaa

Daktari wa kwanza hatakiwi kukuzuia kwenda kwa bingwa, kazi yake ni kukupeleka kwa bingwa sahihi na swali sahihi. Barua ya rufaa isiyo na swali ("tafadhali muone") ni bure. Yenye swali ni kama "ana presha isiyoshuka kwa dawa tatu, figo zake ziko hivi, je ana chanzo kingine?" Iombe uisome. Na ukitoka kwa bingwa, hakikisha majibu yanarudi kwa daktari wako, ikibidi yabebe mwenyewe mkononi, kisha weka miadi naye mkae tena na mfuko. Hapa ndo mama alipokwama mwaka mzima.

Kuna siku ya kuruka yote haya: kifua kinabana kwa nguvu, uso umepinda upande, mkono umekosa nguvu ghafla, ulimi mzito, kupumua kwa shida, damu isiyokata. Hapo usipige simu kuomba miadi, nenda chumba cha dharura au ita ambulansi.

Hatua ya 9: Usisubiri kuumwa

Mara moja kwa mwaka au kadiri atakavyosema, nenda ukiwa mzima. Presha, sukari, uzito, chanjo. Kwa wanawake kipimo cha saratani ya shingo ya kizazi, Shirika la Afya Duniani linashauri kuanzia miaka 30 kwa kipimo cha HPV, kirusi kinacholeta saratani hiyo, kila baada ya miaka 5 hadi 10, na wenye VVU waanze mapema zaidi, 25, na warudie mara kwa mara zaidi. Wasichana wa miaka 9 hadi 14 chanjo ya HPV. Saratani ya utumbo mpana, Marekani wanaanza kupima mtu akifika miaka 45, kwingine baadaye, muulize wako. Ila ukikutana na kifurushi cha vipimo 60 kwa siku moja kimbia, vipimo vingi bila sababu vinaleta majibu ya kushtua yasiyo na maana na unaanza safari ya kufukuzia kivuli.

Hatua ya 10: Kuhama

Ukiona mara tatu mfululizo daktari hakumbuki chochote na hafungui faili, au kila ukija unakutana na sura mpya licha ya kuomba jina moja, hama. Jaribu kwanza kubadilisha daktari ndani ya kliniki hiyohiyo, faili halipotei na mapokezi wamezoea, hawanuni. Ikishindikana omba nakala ya faili *kabla* ya kuondoka, kwa maandishi: magonjwa, dawa, mizio, chanjo, majibu ya vipimo vya miaka miwili mitatu ya nyuma, barua za mabingwa. Sehemu nyingi ni haki yako, usiombe kama unaomba msaada. Soma nakala hapohapo kwenye benchi ukiwa hujatoka, hasa mstari wa mizio na dawa zilizokatazwa, kwa sababu huo ndo unaosahaulika kunakiliwa.